Sahihi ya Kwanza Brands Hatch

Katika mbio za magari za klabu nchini Uingereza, dereva mgeni hujulikana kwa mgongo wa gari lake. Hubandikwa kipande cha mraba cha rangi ya njano chenye alama nene ya X nyeusi, mahali ambapo anayekuja nyuma hawezi kukosa kuiona. Anayeiona anapaswa kuelewa mara moja: huyu aliye mbele yangu bado anajifunza, anaweza kukanyaga breki mapema kuliko ninavyotegemea, anaweza asinione kwenye kioo. Alama hiyo haiondolewi kwa pesa wala kwa spidi. Inaondolewa kwa sahihi. Mgeni akimaliza mashindano bila kuhatarisha wenzake, msimamizi wa mashindano humtilia sahihi kwenye kadi yake, na desturi ya miaka mingi ni kwamba zinahitajika sahihi sita kabla hajaibandua ile X na kuomba leseni ya daraja la juu.

Kwenye kadi hiyo hakuna nafasi ya kuandika alikuwa wa ngapi.

Binti wa kaka yangu, muuguzi aliyekulia Tanga na sasa anafanya kazi Kent, alipoingia kwenye mbio hizo kwa mara ya kwanza aliniomba nifuatane naye. Mafundi hana, wadhamini hana. Alikuwa na gari dogo kuukuu, trela la kuazima, sanduku la spana na shangazi wa kumshikia chupa ya chai. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu mchezo ambao kwetu tunauona kwenye televisheni tu, na tena ule wa juu kabisa, wenye malori ya matangazo na madereva wanaolipwa mamilioni. Huu wa chini, unaochezwa na wauguzi, mafundi bomba na walimu mwisho wa wiki, ndio unaoubeba ule wa juu, na huandikwa kwa nadra.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia mbio za magari, akili yake hukimbilia Safari: vumbi la Naivasha, gari linaruka kilima magurudumu yote yakiwa hewani, watoto wamejipanga kando ya njia tangu alfajiri. Mashindano hayo yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika yametulea wengi. Tunalijua jina la Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na la Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Lakini katika Safari kila gari huondoka peke yake, na adui wa dereva ni saa, mawe na matope. Kwenye uwanja wa kuzunguka, magari thelathini huondoka kwa pamoja na kuikimbilia kona ileile moja. Hapo uhai wako umo mikononi mwa jirani yako, na wake umo mikononi mwako, na wala hamjawahi kusalimiana.

Waingereza waliingia kwenye viwanja vya kuzunguka kwa kukosa barabara. Sheria ya magari ya mwaka 1903 iliweka ukomo wa maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na mbio kwenye barabara za umma hazikuwa na nafasi. Mwaka 1907 tajiri mmoja akajenga Brooklands, karibu na Weybridge, uwanja wa kwanza nchini humo uliotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Ilipokwisha, nchi ilibaki na viwanja vingi vya ndege za kivita visivyo na ndege: lami tambarare, barabara za pembeni zinazozunguka, hakuna wakazi wa kulalamikia kelele. Silverstone ulikuwa uwanja wa namna hiyo, na Snetterton, na Thruxton, na Castle Combe. Watu wenye vijigari vya bei nafuu wakaingia humo na kuanza kushindana. Klabu iitwayo 750 Motor Club, iliyoanzishwa mwaka 1939 na wapenzi wa kigari cha Austin Seven, ipo mpaka leo na bado inaandaa mbio. Humo ndimo alimopitia kijana Colin Chapman, aliyeunda gari lake la kwanza kutokana na mabaki ya Austin Seven, kisha akaanzisha Lotus, kampuni iliyokuja kutwaa ubingwa wa dunia wa langalanga.

Brands Hatch haukuwa uwanja wa ndege. Uko Kent, kusini mashariki mwa London, kwenye bonde lililokuwa shamba, ambapo pikipiki zilishindana kwenye nyasi kabla ya lami kuwekwa mwaka 1950. Mwaka 1954 wakaongeza kona ya juu kilimani, Druids, na kuugeuza mwelekeo wa mbio uende kama mishale ya saa. Kati ya mwaka 1964 na 1986 mashindano makuu ya langalanga ya Uingereza yalifanyika hapo, mwaka mmoja hapa na mwaka wa pili Silverstone. Njia fupi inayotumiwa na klabu nyingi ina urefu wa maili 1.2, chini kidogo ya kilomita 2, na kwa kuwa iko bondeni, mtu akisimama ukingoni huiona karibu yote. Kwa shangazi mwenye roho juu, hilo ni jambo jema na baya kwa wakati mmoja.

Gari la mwanangu huyu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya viti viwili iliyozinduliwa Chicago mwezi Februari mwaka 1989. Injini yake ni ya lita 1.6, nguvu za farasi zipatazo 115, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito wake hauzidi sana tani moja. Kwa namba hizo halimtishi mtu. Mazda imetengeneza zaidi ya milioni moja ya magari ya jina hilo, kwa hiyo vipuri viko kila gereji, na mbio za MX-5 zimejaa kwa sababu hiyo. Magari yote ni sawa, kanuni zinakataza kuchezea injini, na anayetangulia anatangulia kwa mikono yake. Ndani, gari limevuliwa kila kitu: zulia, redio, viti vya ngozi. Kilichobaki ni kiti kimoja kigumu, usukani, kizimamoto na vyuma vilivyochomelewa kuzunguka dereva, ili gari likibinuka paa lisimshukie.

Leseni nayo haikutoka hivi hivi. Alikwenda kwa walimu waliosajiliwa, akaendesha huku mwalimu ameketi kando yake, kisha akafanya mtihani wa kuandika. Katika mtihani huo maswali mengine unaweza kukosa mawili matatu ukapita. Maswali ya bendera hayana msamaha: ukikosa moja umeanguka. Na kwenye kuendesha, mwalimu haangalii saa. Anaangalia kama mtu anapita njia ileile kila mzunguko, kama anatazama vioo, kama mikono yake imetulia. Aliniambia alipotoka, “Shangazi, kumbe wanataka mtu anayetabirika.” Nimelifikiria neno lake mara nyingi tangu siku ile.

Jumamosi tulifika giza halijatoka. Kazi ya kwanza ni kujiandikisha: leseni, kadi ya klabu, na fomu ambayo dereva anakiri kwa maandishi kwamba mchezo huu unaweza kumuumiza au kumuua. Kila lango la uwanja lina kibao kinachosema mambo hayo hayo kwa watazamaji. Kisha gari husukumwa kwenda kwa wakaguzi. Mstari ulikuwa mrefu, na hapo ndipo niliposoma tabia za watu hawa, kwa sababu hakuna aliyekaa bure. Mmoja anafunga nati za gurudumu na kuzikagua tena, mwingine anabandika namba, mwingine anamshikia jirani tochi.

Mkaguzi wetu alikuwa mzee mwenye magoti yaliyomchosha, maana kila alipoinama alishika mlango wa gari kwanza. Alianza na mikanda. Mkanda wa mbio una ncha sita zinazokutana tumboni, na umeshonewa kijitambaa chenye mwaka wa kwisha matumizi. Alikivuta kijitambaa kile mwangani, akapitisha kidole gumba juu ya mwaka, akakirudisha. Kisha akauvuta mkanda wenyewe kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayetaka kuung’oa. Akakanyaga breki, akalitikisa gurudumu, akalala chali kuangalia mabomba ya mafuta. Akaitafuta pete ya kuvutia gari mbele na nyuma, ambayo lazima ipakwe rangi ya kuonekana. Akaitafuta swichi ya nje ya kukata umeme, iliyowekewa pembetatu ya buluu yenye alama ya radi, ili mtu yeyote, hata asiyelijua gari hilo, aweze kuizima injini dereva akiwa hajitambui.

Halafu akaomba helmeti na kile kifaa cha shingo.

Kifaa hiki nataka nikieleze, kwa sababu kina historia ya uchungu. Ni kola ngumu inayokaa mabegani na kubanwa chini ya mikanda, na ina tepe mbili zinazofungwa kwenye helmeti. Gari likigonga ukuta, mikanda huukamata mwili, lakini kichwa huendelea kwenda mbele, na shingo hukatikia hapo kwenye fuvu. Robert Hubbard, profesa wa Marekani aliyesomea mwenendo wa mwili wa binadamu katika ajali, alikibuni miaka ya 1980 pamoja na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio. Kwa miaka mingi madereva wengi walikikataa. Wakasema kinabana, kinazuia kugeuka. Tarehe 18 Februari 2001 Dale Earnhardt, mmoja wa madereva wakubwa kabisa wa Marekani, aligonga ukuta wa Daytona katika mzunguko wa mwisho na kufariki kwa kuvunjika fuvu kwenye shina la shingo. Hakuwa amevaa. Mwaka 2003 langalanga ikakifanya kuwa lazima, na leo muuguzi wa Tanga hawezi kupewa kibandiko cha ukaguzi bila kukionyesha. Nilimwangalia mzee yule akizivuta tepe zile moja moja, na nikamwombea heri.

Kibandiko, hata hivyo, hakukitoa. Taa nyekundu ya nyuma, inayowashwa wakati wa mvua ili anayefuata aone ndani ya wingu la maji, haikuwaka. Mwenye gari alikuwa ameinunua wiki ile ile dukani ikiwa mpya. Alibadili fyuzi, akaangalia waya, kimya. Jamaa wa kibanda cha pembeni, mwenye MX-5 ya bluu na atakayeshindana naye katika mbio hiyohiyo, aliacha sandwichi yake, akafungua sanduku, akatoa taa yake ya akiba na kuifunga yeye mwenyewe. Hakuuliza bei. Alisema tu airudishe siku atakapokuwa na yake. Nilidhani ni ukarimu wa mtu mmoja, mpaka nilipoona mchana kutwa jeki, mafuta ya breki na hata gurudumu zima vikihama kutoka kibanda hadi kibanda. Anayekuazima kipuri anataka uwepo pale mstarini. Mbio ya gari moja haina maana kwake.

Baada ya ukaguzi wageni waliitwa peke yao kwa msimamizi wa mashindano. Mama mmoja wa makamo, sauti ya chini, hakupoteza maneno. Ukitoka nje ya njia, usirudi mpaka uone nafasi, hata kama umepitwa na wote. Gari likikwama, kaa ndani na mikanda yako mpaka mashali akuambie toka, isipokuwa kuna moto. Bendera nyekundu ikitoka, mbio imesimama: punguza, usimpite mtu, rudi taratibu. Bendera ya njano ikipepea, mbele kuna hatari, punguza na usimpite mtu. Zikipepea mbili, uwe tayari kusimama kabisa. Alirudia suala la njano kwa namna ambayo sitaisahau: nyuma ya bendera ile, alisema, kuna mtu anatembea kwa miguu.

Mtu huyo ndiye mashali. Utamjua kwa ovaroli ya rangi ya chungwa. Anasimama kwenye kona jua likiwaka na mvua ikinyesha, ana bendera, kizimamoto, ufagio wa kufagia kokoto na mfuko wa unga wa kunyonya oili. Halipwi. Huamka saa ambayo madereva bado wamelala, na jioni huondoka wa mwisho. Chama cha mamashali wa Uingereza kipo tangu mwaka 1957, na bila watu hao hakuna mbio ya klabu inayoweza kuanza, kwani kona isiyo na mashali ni kona iliyofungwa. Gharama ya kazi hiyo haisemwi mara nyingi. Mwaka 2001, katika mashindano ya langalanga ya Australia, Graham Beveridge, mashali wa kujitolea, alifariki baada ya gurudumu lililong’oka kwenye ajali kupenya kwenye upenyo wa uzio. Hapa hapa Brands Hatch, mwezi Julai mwaka 2009, dereva kijana Henry Surtees, mwenye umri wa miaka 18, alifariki baada ya gurudumu la gari jingine kumgonga kichwani. Baba yake, John Surtees, ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na wa magari, na kona moja ya uwanja huu ina jina lake. Kila dereva anayeipita kona ile anapita jina la mzazi aliyepoteza mwana.

Mazoezi ya kupanga nafasi yalikuwa ya dakika kumi na tano. Mgeni lazima amalize mizunguko isiyopungua mitatu, la sivyo haanzi mbio. Nilipanda ukingoni, juu ya kona ya kwanza, Paddock Hill, nikashika nguzo.

Kona hii lazima nikae nayo kidogo. Gari huja kwa kasi yake yote kwenye mnyooko wa kuanzia, na barabara inapanda kiasi kwamba dereva hauoni upande wa pili. Anafunga breki akiwa bado anapanda, anageuza usukani kulia, na ndipo ardhi inapoondoka chini yake. Inashuka kama ngazi. Gari linakuwa jepesi, matairi ya nyuma yanaanza kutafuta pa kushika, na mguu wa dereva unataka kuachia mafuta, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote, maana uzito wote huhamia mbele na mkia hufyatuka. Chini kabisa bonde linamkandamiza kwenye kiti, kisha anapanda tena kuelekea Druids. Wazoefu walishuka pale kwa mstari mmoja usiokatika, sauti ya injini haibadiliki. Wageni niliwajua kwa sikio: mlio ulikatika katikati ya mteremko, ukarudi, ukakatika.

Mlio wa kwetu ulikatika mzunguko wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Halafu nikasikia umekatika kidogo tu. Kuelekea mwisho haukukatika. Alipovua helmeti nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso na mikono ikimtetemeka. “Shangazi, pale unageuza kabla hujaiona barabara,” alisema. “Inabidi uamini ipo.” Nikampa chai. Alikuwa na nafasi ya karibu na mkia, akaridhika nayo.

Mbio yenyewe ilikuwa alasiri. Magari yalizunguka mara moja nyuma ya kiongozi, yakajipanga mawili mawili kila moja kwenye mraba wake, kibao cha sekunde tano kikainuliwa, taa nyekundu zikawaka. Zilipozimika, kelele iliyotoka bondeni niliisikia kifuani. Magari thelathini yalikwenda kuingia Paddock Hill kwa pamoja, na nilichoona kutoka juu kilikuwa paa za magari, moshi wa matairi na ile X nyeusi ikizama mteremkoni pamoja na wengine. Aliachia nafasi pembeni. Alipitwa na mawili. Alitokea chini akiwa mzima.

Katika mzunguko wa nne au wa tano gari jeupe lilizunguka kama pia kwenye kona ya Graham Hill, likasimama likitazama nyuma. Mashali wa Druids alishaanza kupepea njano kabla vumbi halijatua. Nilimwona binti akipunguza. Aliinua mkono mmoja kuonyesha ameiona, akashika upande wa mbali. Nyuma yake gari jekundu halikupunguza. Lilimpita ubavuni, palepale njano inapopepea, wakati mamashali wawili wameshavuka uzio kwenda kwenye gari jeupe. Sikujua kama nimeogopa zaidi kwa ajili ya nani.

Baadaye, viongozi wa mbio walipomfikia kutoka nyuma, alionyeshwa bendera ya buluu. Wageni wengi hudhani buluu inawaamuru wajitupe pembeni, na hapo ndipo ajali hutokea, maana anayekuja naye alikuwa anakwenda upande huohuo. Yeye alishika njia yake, akaendesha sawasawa na mzunguko uliotangulia, wakampita mmoja kushoto na mmoja kulia bila kuguswa. Kutabirika, kama alivyoambiwa na mwalimu. Bendera ya miraba myeusi na myeupe ilipoangushwa alikuwa miongoni mwa wa mwisho, na gari lake halikuwa na mkwaruzo.

Magari yote hufungiwa uani baada ya mbio, yasiguswe mpaka wakaguzi wamalize. Dereva wa gari jekundu aliitwa kwa msimamizi. Alipotoka alikuwa ameongezewa muda wa adhabu na kupoteza nafasi kadhaa, na nilivyosikia hoja yake ilikuwa kwamba hakuiona bendera. Naamini alisema kweli. Ndiyo maana mtihani wa bendera hauna msamaha: macho ya mtu mwenye kasi huona tu gari lililo mbele yake, mpaka yafundishwe vingine. Walichokuwa wanamfundisha mwanangu wikendi nzima, wakaguzi, mama wa maelekezo, yule jirani wa taa, ni kuwaona watu wengine akiwa katikati ya tamaa yake mwenyewe. Spidi itakuja, ina wakati wake. Hili la macho lisipokuja mapema halifundishiki, na spidi juu yake huwa hatari kwa wote.

Jumapili mvua ilinyesha, mbio ya pili ikaendeshwa kwenye maji. Sina mengi ya kusema, kwani kwa nusu nzima sikuona kitu zaidi ya ukungu na taa nyekundu, ikiwemo ile ya kuazima, inayowaka. Jambo moja nililijifunza kwa kuwasikiliza wazee waliosimama karibu nami: lami ikiloa, ile njia nzuri ya siku ya jua ndiyo inayoteleza, kwa sababu imepakwa mpira wa matairi. Lazima dereva aende nje ya mazoea yake, kwenye lami ngumu ambayo haipitwi na mtu. Binti alilijua hilo kwa kuambiwa na mwenye gari la bluu asubuhi ile, na siku hiyo aliwapita watu.

Ni mchezo wa gharama, lazima niseme. Ada ya kuingia ni mamia ya pauni, kabla hujanunua matairi, mafuta na pedi za breki, na mshahara wa muuguzi una kazi nyingine. Anafanya zamu za usiku za ziada. Hatoki kwenda mjini. Kaka yangu, kwa simu kutoka Tanga, aliuliza kama pesa hiyo isingejenga kibanda kule Pongwe. Ingejenga. Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba nimemwona mwanawe akifanya kitu kigumu vizuri, mbele ya watu wasiomjua, na wakamheshimu.

Jioni alipeleka kadi ofisini. Mama yule wa sauti ya chini alitazama karatasi zake, akamuuliza swali moja: kwa nini aliinua mkono kwenye njano. Akajibu, ili mashali ajue nimemwona. Mama akatia sahihi, akamrudishia, akaita anayefuata.

Kanuni zina jambo jingine ambalo nimelipenda kuliko yote. Sahihi moja kati ya zile zinazohitajika inaweza kupatikana bila kuendesha, kwa kufanya kazi ya mashali siku nzima. Ameshajiandikisha. Wamemwambia aje na viatu vya ngozi, koti la mvua na chakula chake, na asivae nguo ya rangi inayofanana na bendera. Kwa mara ya kwanza atasimama upande ule wa uzio, na amebadilishana zamu na mwenzake wa wodini ili awahi kufika.